Udongo wa Shemeji

Nilipoajiriwa kuvuta maturubai ya kuukinga na mvua uwanja wa kriketi wa Galwewa, mtu wa kwanza niliyemkuta alikuwa amechuchumaa katikati ya uwanja anatafuna udongo. Nilidhani ni mgonjwa. Aliinua macho, akatema pembeni, akaniuliza jina. Nikamwambia naitwa Somalatha.

"Soma," akasema, "hapa hatukanyagi na kandambili. Vua."

Huyo ndiye Piyatissa, mtunza uwanja mkuu. Kwa miaka kumi na mmoja iliyofuata sikukanyaga pale na kitu mguuni.

Watu wanaokuja kwenye mechi huwatazama wachezaji. Piyatissa alikuwa anatazama chini. Katikati ya uwanja kuna ule ukanda mwembamba usio na nyasi, ambao mrushaji hudundisha mpira juu yake ili umfikie mpigaji upande wa pili. Ukanda ukiwa mgumu na sawasawa, mpira huinuka kama mpigaji anavyotarajia. Ukiwa mlegevu, mpira mmoja hutambaa chini kama panya na mwingine, uliotupwa palepale, humrukia mtu usoni. Na mpira wenyewe ni mgumu kama jiwe. Kazi yote ya Piyatissa ilikuwa kuhakikisha kwamba mipira miwili inayotua mahali pamoja inainuka sawa.

Udongo wake alikuwa anautoa kwenye tope la bwawa la Weliara, kiangazi, maji yakishashuka. Aliuchekecha, akauloweka, akaukanda kwa miguu. Kisha alifinyanga kidonge cha ukubwa wa ndimu, akakianika ukutani siku nne, akakidondosha sakafuni. Kikivunjika vipande viwili vitatu, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Kikisambaratika kuwa unga, trela zima lilirudi lilikotoka, hata kama dereva angelia.

Alikuwa mzaliwa wa palepale. Baba yake alichunga nyati kwenye nyika hiyo kabla hapajawa uwanja. Piyatissa mwenyewe alianza kwa kukata nyasi, akapanda polepole mpaka akapewa ufunguo wa rola, ile mashine ya kushindilia ukanda. Kiingereza hakukijua, kwa hiyo kwenye vikao vya Colombo alikuwa anakaa mwisho wa meza, anakunywa chai, anasubiri mtu amweleze baadaye yaliyoamuliwa juu ya kazi yake. Hakuwa mtu wa kulalamika. Alikuwa na mke, Kusuma, na binti mmoja, Dilhani, aliyemaliza chuo kikuu kwa alama nzuri za historia, kisha akakaa nyumbani miaka mitatu akisubiri kazi ya ualimu serikalini. Wenzake waliokuwa wanasubiri walikuwa maelfu. Na kwetu kila mtu anajua kwamba orodha ya walimu hupita kwenye meza ya mbunge kabla haijafika wizarani.

Mbunge wetu alikuwa Mheshimiwa Dehigaspe. Alikuwa pia waziri, na juu ya hayo mwenyekiti wa kamati iliyosimamia viwanja. Ligi ya Kisiwa ilipoanzishwa, ile ya timu zenye matajiri wake, na haki za televisheni zikauzwa kwa fedha ambazo sisi hatukuwahi hata kuzitamka, Mheshimiwa aliahidi kwamba mechi ya ufunguzi ya msimu wa pili ingechezwa Galwewa. Uchaguzi ulikuwa karibu. Uwanja ukapakwa rangi, vyoo vikawekwa vigae, na ikaamriwa kwamba kanda za katikati, maana huwa kadhaa sambamba, zichimbuliwe zijazwe udongo mpya. Zabuni ya udongo alipewa shemeji wa Mheshimiwa, kaka wa mkewe.

Malori yalikuja asubuhi tatu mfululizo. Nilikuwepo. Udongo wa Weliara ni mweusi, na ukiushika unang'ang'ania vidole. Huu ulikuwa mwekundu na una mchanga, na magurudumu ya malori yalikuwa na tope lilelile la mfereji uliokuwa unachimbwa kando ya barabara kuu mpya. Nilimwuliza dereva mmoja wameutoa wapi. Akacheka.

"Dada, udongo ni udongo. Wewe vuta turubai."

Piyatissa alifinyanga kidonge chake, akakianika, akakidondosha. Kikawa unga. Akaandika barua kwa mkono kurasa mbili, akaipeleka mwenyewe ofisi ya kamati. Haikujibiwa. Badala yake ikaja hati ya kupokea mzigo, imeandikwa kwamba malori themanini na manne ya udongo wa Weliara yamefika yakiwa katika hali nzuri. Ilihitaji sahihi yake moja tu ili shemeji alipwe. Aliifungia kwenye droo ya meza yake, chini ya daftari la vipimo vya mvua vya mwaka jana, ikakaa humo wiki mbili.

Mheshimiwa alikuja kukagua vyoo. Alikuwa amevaa nguo zake nyeupe za siku zote, anafuatwa na wapiga picha. Alipomaliza vyoo alimwita Piyatissa pembeni, karibu na banda la rola ambako mimi nilikuwa nakunja kamba, akamwekea mkono begani.

"Piyatissa, binti yako bado yuko nyumbani?"

"Bado, Mheshimiwa."

"Msomi kama yule kukaa nyumbani si vizuri. Wewe maliza makaratasi yako, na mimi nitamaliza yangu."

Ndiyo yote aliyosema. Hakupandisha sauti, wala hakutaja udongo. Jioni ileile nilimpelekea Piyatissa chai, nikakuta droo iko wazi na kalamu iko mkononi mwake. Aliona kwamba nimeona. Alitia sahihi, akapuliza wino ukauke, akaniambia chai imepoa.

Mwezi uliofuata Dilhani alipata barua ya kazi, shule ya sekondari ya mjini, mwendo wa dakika kumi kutoka kwao. Kusuma alipika wali wa nazi wa sherehe, ule wa kushikamana, akaukata vipande vizuri, akatuletea sote uwanjani pamoja na kitoweo cha kitunguu na pilipili. Tulikula tukampongeza. Piyatissa alisema tumbo linamsumbua.

Msimu ulipokaribia, alikuwa na mpango wake. Pembeni kabisa palikuwa na kanda mbili za zamani ambazo shemeji hakuzigusa, zina udongo wa Weliara wa miaka. Alizimwagilia na kuzipigia rola kwa miezi mitatu kimyakimya, akitumaini kwamba siku ikifika atasema tu, chezeni huku. Aliniambia mimi peke yangu. Nadhani aliamini kwamba kwa njia hiyo angeweza kula wali wa nazi bila kumdhuru mtu.

Aliyekuja kuendesha mechi alikuwa Bwana Trevin, meneja wa ligi, kijana wa Colombo mwenye simu mbili, mpole wa maneno. Piyatissa alimpeleka kwenye kanda za pembeni. Bwana Trevin alizitazama, akamwita mtu wa televisheni, wakazungumza. Kisha akaeleza kwa upole kabisa kwamba haiwezekani. Minara ya kamera ilikuwa imejengwa kulenga katikati. Matangazo ya wafadhili yalikuwa yameshapakwa rangi kwenye nyasi, na kila tangazo lililipiwa mahali pake. Mchezo ukihamishwa pembeni, mpaka wa upande mmoja ungekuwa mfupi mno na mrushaji angeficha tangazo la benki.

"Basi nipe siku kumi," Piyatissa akasema. "Mvua imenyesha siku nane, turubai halijaondoka. Chini panatoa jasho. Juu patakauka patakuwa kama kaukau, chini uji."

Bwana Trevin alisema tarehe haikuwa mikononi mwake. Ilipangwa na mnajimu wa Mheshimiwa. Taa ya mafuta ya kufungulia mashindano ilipaswa kuwashwa Alhamisi saa tisa na dakika kumi na mbili mchana, wala si dakika kumi na tatu. Akauliza kama Piyatissa anaweza kuandika pingamizi lake. Piyatissa akasema hapana. Niliielewa ile hapana. Angeandika nini juu ya udongo alioupokea kwa sahihi yake?

Timu yetu ilikuwa Chui wa Kusini. Ndani yake alikuwemo Ishanka, umri miaka ishirini na miwili, mtoto wa mjane mmoja wa mtaa wa nyuma ya stendi, Bi Premawathi, aliyekuwa anashona sare za shule. Ishanka alikulia kwenye uzio wetu. Tangu yuko darasa la tano alikuwa anaruka ukuta kuja kupiga mipira, na Piyatissa badala ya kumfukuza alikuwa anampa ndoo amwagilie. Mji mzima ulikuja kumwona. Alipotoka kwenda kupiga, watu elfu kumi na nane wakasimama, na alipopita karibu na sisi wa maturubai alinikonyeza na kumsalimia Piyatissa kwa viganja vilivyounganishwa, kama mtu anavyomsalimia mwalimu wake.

Ova mbili za kwanza, mipira sita kila moja, zilikwenda salama. Ya tatu, mpira mmoja ulitambaa ukapita chini ya gongo lake. Piyatissa alikuwa amekaa karibu nami juu ya turubai lililokunjwa. Nilisikia anahesabu kwa sauti ndogo, sijui alikuwa anahesabu nini. Ova ya nne alirusha mgeni mmoja mrefu sana, mwenye kasi. Mpira ulitua mahali pa kawaida kabisa, ambapo kila mpigaji duniani husogea mbele. Ishanka akasogea mbele. Pakatoka kivumbi kidogo chekundu, na mpira ukapanda wima, ukapenya kati ya ukingo wa kofia na vile vyuma vya kukinga uso.

Hakupiga kelele. Alitembea hatua mbili upande, akakaa chini kama mtu aliyeambiwa akae. Alipovuliwa kofia, yule mrushaji mrefu aligeuka akaenda mpaka mbali, akapiga magoti huko.

Waamuzi waliukagua ukanda, wakauchokoa kwa ufunguo, ufunguo ukazama. Mechi ikavunjwa. Zikaanza chupa, kisha viti. Sisi tuliambiwa tufunike ukanda upesi, na nilipokuwa navuta kamba, nilimwona Piyatissa amesimama peke yake pale penye damu, amevua kofia, watu wanamtupia chupa na yeye hazikwepi.

Jicho la kushoto la Ishanka halikupona. Hilo tulilijua siku ya tatu. Lakini lawama ilikuwa imeshapata mwenyewe tangu siku ya kwanza, kabla hata jua halijazama. Bwana Trevin alisema kwenye televisheni kwamba dalili zote zinaonyesha kosa la kitaalamu la watunza uwanja. Tajiri wa Chui alisema anataka fidia kutoka ligi. Ligi ikasema uwanja ni wa serikali. Wafadhili wakasema watangoja ripoti. Mheshimiwa alizungumza hekaluni, baada ya kuchangia paa jipya, akasema kwamba mzembe mmoja amelitia doa jina la Galwewa mbele ya dunia, na kwamba yeye binafsi atahakikisha anapatikana.

Kwa kuwa Piyatissa alikuwa anakaa mtaa wa tatu tu kutoka uwanjani, kumpata hakukuwa kazi. Walimwaga takataka langoni kwake. Mawe yalipiga paa. Kusuma aliacha kwenda sokoni kwa sababu muuza samaki alimpimia huku akiwaambia wateja wengine wamwangalie vizuri mke wa mtoboa macho. Piyatissa alipokwenda dukani kununua dengu, vijana waliokaa kwenye benchi walimwuliza, "Mzee, mchanga wako leo kilo bei gani?" Alilipa, akachukua dengu zake, akarudi nyumbani.

Ikaundwa tume ya watu watatu, wazee wenye heshima zao, ikutane Colombo. Siku nne kabla ya kikao, Bwana Trevin alikwenda kwa Piyatissa na bajaji ya kukodi, bila gari la ofisi. Alikaa sebuleni, akanywa chai, akaeleza. Piyatissa aseme kwamba alikosea kumwagilia, kwamba ni uzee na uchovu. Atastaafishwa kwa heshima na mafao yake yote. Dilhani atabaki shuleni kwake. Hakuna atakayeuliza habari za malori. Dilhani hakuwepo. Kusuma alikuwa nyuma ya pazia anasikia.

Jioni Piyatissa alikuja kwangu. Hakuwa na kawaida ya kuja. Alisimama mlangoni, hakutaka kuketi, akanisimulia yote, kisha akauliza, "Wewe ungefanya nini, mdogo wangu?"

Nilikuwa na watoto wawili na mume aliyeanguka kutoka juu ya mnazi, hafanyi kazi. Nilimwambia, "Kubali, kaka. Jicho halitarudi kwa wewe kufukuzwa."

Aliitikia kwa kichwa. Nilidhani amekubali.

Kwenye ile tume alisema kweli yote, kwa Kisinhala, na kijana mmoja akawa anamtafsiria. Alianza na yeye mwenyewe. Alisema kwamba alitia sahihi hati ya uongo ili binti yake apate kazi. Kisha akaeleza malori, rangi ya udongo, kidonge, barua isiyojibiwa, kanda za pembeni, kamera, tangazo la benki, mnajimu. Alizungumza saa nzima. Mzee mmoja wa tume, aliyewahi kuchezea timu ya taifa, alimwuliza mwishoni kama yupo mwingine aliyeyaona malori. Akasema yupo, Somalatha wa maturubai.

Waliniita siku iliyofuata. Chumba kilikuwa na baridi ya mashine, na mbele yangu waliweka glasi ya maji yenye kifuniko cha karatasi. Nyuma, kwenye viti vya ukutani, alikaa katibu wa Mheshimiwa, ambaye ndiye aliyekuwa anatia muhuri mikataba yetu ya kazi kila Januari. Aliniangalia akatabasamu, akaniuliza kwa ishara hali ya mume wangu.

"Uliona malori yanatoka wapi?" yule mzee aliuliza.

"Sikumbuki, bwana."

"Udongo ulikuwa wa rangi gani?"

"Sikumbuki."

Alingoja kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kushika kamba. Kisha akaandika, akanishukuru kwa kusafiri kutoka mbali.

Ripoti ilikuwa nene, lakini magazeti yalichapa sentensi moja: mtunza uwanja mkuu alikiri kwamba ndiye aliyeupokea na kuuidhinisha udongo uliosababisha ajali. Madai yake mengine, ripoti ilisema, hayakuthibitishwa na shahidi yeyote. Alifukuzwa bila mafao. Wiki mbili baadaye Dilhani alihamishiwa shule moja kaskazini kabisa, mabasi mawili na safari ya saa kumi.

Kabla ya kuondoka alijua kila kitu, kwa kuwa baba yake alikwisha kukisema hadharani. Nilikuwa kwao asubuhi ile, namsaidia Kusuma kufunga mizigo. Nilikuwa nakwenda kwao bado. Piyatissa hakuwahi kuniambia neno juu ya tume, na hilo lilikuwa gumu zaidi kulivumilia kuliko kama angenitukana.

"Baba, ungeniambia," Dilhani alisema. Alikuwa anakunja sari, hakumtazama. "Ningekaanga vibibi kando ya barabara. Wasichana wangapi wana shahada na wanakaanga vibibi."

"Mama yako alikuwa anakonda kwa mawazo."

"Na sasa je?"

Piyatissa alibeba begi lake mpaka stendi. Walipofika, Dilhani aliinama akagusa miguu ya baba yake kama inavyopasa, akapanda basi, akakaa kwenye dirisha la upande wa pili, mbali na baba yake.

Baada ya hapo Piyatissa alikwenda kwa Ishanka. Aliniomba nimsindikize, nikaenda. Alikuwa amebeba shada la majani ya tambuu mikononi, kama anayekwenda kuomba radhi kwa mkubwa wake. Bi Premawathi alifungua mlango, mkanda wa kupimia uko shingoni. Piyatissa alipiga magoti pale kizingitini, mzee wa miaka hamsini na nane, akamnyooshea tambuu. Hakuyapokea. Wala hakufunga mlango. Alirudi kwenye cherehani yake, akaendelea kushona.

Ishanka alikuwa kwenye kiti cha plastiki uani, amevaa miwani ya giza. Alituambia tuketi. Cherehani ilisikika kutoka ndani.

"Mzee, ulijua?" aliuliza.

"Nilijua."

"Uliniona nilipokuwa naingia?"

"Nilikuona. Ulinisalimia."

"Basi ungeniita."

Piyatissa alitazama mikono yake. "Ningekuita, ungerudi?"

"Nisingerudi," Ishanka akasema. "Lakini ungeniita."

Cherehani ilinyamaza. Hatukupewa maji, na hatukutegemea. Tulipotoka, Piyatissa aliyaweka yale majani ya tambuu juu ya ukuta wa ua, na sijui nani aliyatoa.

Fidia ya Ishanka ilikwama. Bima ilisema ajali ilitokana na kosa la mtumishi, ligi ikasema mtumishi si wake, serikali ikasema mchezo haukuwa wake. Chui walimlipia hospitali na kumpa mshahara wa mwezi mmoja, kisha tajiri akaiuza timu. Wakili mmoja kijana wa mjini alikubali kumfungulia Ishanka kesi bila malipo ya mbele, na shahidi wake mkuu akawa Piyatissa. Kesi iliahirishwa mara kumi na nne. Mara hakimu yuko semina, mara wakili wa ligi anaumwa, mara faili liko Colombo. Kila tarehe Piyatissa alikuwa mahakamani kabla milango haijafunguliwa, amevaa sarong nyeupe ya kujifunga kiunoni na shati lililopigwa pasi, amekaa benchi la nyuma. Ishanka alikaa benchi la mbele. Siku za kwanza hawakusalimiana. Mwaka wa pili Ishanka alikuwa anamwachia gazeti akishalisoma.

Riziki yake siku hizo ilikuwa kwenye tanuri la matofali, kukanda udongo. Mwenye tanuri alikuwa anamsifu kwamba matofali yake hayapasuki. Kusuma aliniambia kwamba nyumbani jioni alikuwa anapanga mawe madogo kwenye ngazi kwa mistari, akiyavunja na kuyapanga tena.

Ahirisho la kumi na nne lilitangazwa siku ya joto kali. Alitoka nje ya mahakama, akakaa kwenye ngazi kufunga kamba ya kiatu, hakuinuka tena. Ishanka ndiye aliyekuwa karibu. Alimshika kichwa mpaka gari lilipokuja, na gari lilikuja limechelewa.

Wakili alinitafuta baada ya mazishi. Alisema kesi bila Piyatissa imekufa, labda mimi niseme. Sikulala siku mbili, kisha nikaenda. Mume wangu alinisihi nisiende, akanikumbusha katibu na mihuri yake. Nilisimama kizimbani nikasema malori yalitoka kwenye mfereji, udongo ulikuwa mwekundu, nilizungumza na dereva, niliona sahihi ikitiwa na najua kwa nini ilitiwa. Nilisema vizuri, nadhani.

Wakili wa ligi alisimama na karatasi moja. Alinisomea majibu yangu ya kwenye tume.

"Bibi, wakati ule, miezi michache baada ya tukio, hukukumbuka. Leo, baada ya miaka mitatu, unakumbuka hata kicheko cha dereva. Siku gani ulikuwa unasema uongo?"

"Siku ile," nikasema.

"Kwa hiyo unakiri kwamba wewe ni mwongo."

Hakimu aliandika kwamba ushahidi wangu hauaminiki. Ishanka alishindwa kesi. Nje alinishukuru, akasema nimejitahidi, na nilitamani afadhali angenitemea mate. Januari mkataba wangu haukupigwa muhuri. Sasa nasokota kamba za makumbi kwenye kiwanda cha ng'ambo ya mto, nalipwa kwa mzigo.

Mheshimiwa alishinda uchaguzi ule, na uliofuata. Kanda za katikati zilichimbuliwa tena zikajazwa udongo mwingine. Nani aliuleta sijui. Ligi inaendelea, na mechi zikionyeshwa mume wangu hupunguza sauti ya televisheni nikiwa chumbani.

Mwaka mmoja baada ya kifo, Kusuma alitoa sadaka kwa watawa kumwombea mumewe. Tulitegemea watu kumi. Dilhani alisafiri kutoka kaskazini usiku kucha, akafika macho mekundu, akajifunga kanga kiunoni akaanza kuosha mchele. Ishanka alikuja, akaketi na wanaume, akashika upande mmoja wa mkeka wakati wa kuutandika. Siku hizi anawafundisha watoto wa shule ya msingi kupiga, analipwa kidogo, na anageuza kichwa chote akitaka kukuona.

Bi Premawathi aliingia jikoni bila kubisha. Kusuma alikuwa hajawahi kuzungumza naye tangu siku ya mechi. Sote tuliacha tulichokuwa tunafanya. Aliangalia lile rundo la nazi sakafuni, akauliza zinatakiwa ngapi.

"Thelathini," Kusuma akamjibu.

Akavuta mbuzi ya kukunia, akakaa, akaanza. Hakuzungumza na mimi, na sikumlaumu. Alikuna nazi ishirini na mbili, nami nilikuna nane, mpaka watawa walipofika.